Wa Kwangu Yuko Upande Gani?

Ujumbe wa sauti ulikuwa wa sekunde 41. Niliusikiliza nimesimama jikoni, maharagwe ya nazi yako motoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Aliyeutuma ni muuguzi wa zahanati moja kule Busia, mtu ninayemfahamu tangu enzi zangu za kushika mbu.

"Dada, habari za huko. Leo kuna mama amekuja kliniki na mtoto, amefikia dozi ya nne ya chanjo ya malaria. Amesoma ile makala yako kwa simu. Sasa anauliza hivi: umesema chanjo inawakinga watoto 36 kati ya 100. Wa kwake yuko upande gani? Yuko kwa wale 36 ama kwa wale 64? Kwa sababu kama ni wa 64, haoni haja ya kumdunga tena. Nimemwambia nitakuuliza wewe mwenyewe."

Nikazima jiko.

Jibu nilikuwa nalo kabla muuguzi hajamaliza kusema. Kilichonikata maini ni kwamba swali la yule mama halikuwa na kasoro yoyote. Alisoma nilichoandika, akakielewa kama kilivyoandikwa, akafikia uamuzi ambao mtu yeyote mwenye akili timamu angeufikia. Kosa lilikuwa kwenye sentensi, na sentensi ilikuwa yangu.

Sasa ni wiki ya sita, na bado limenikaa kooni.

## Kuchana mbu

Kabla ya kuishi kwa kuandika niliishi kwa mbu. Nilisomea biolojia ya wanyama, nikatoka nyumbani Malindi, nikaenda kufanya kazi Magharibi mwa Kenya ambako malaria haina msimu wa kupumzika. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tukipita nyumba kwa nyumba kutegua mitego ya taa tuliyoitundika jioni karibu na vitanda. Mbu walio hai tuliwaweka kwenye vikombe vya karatasi vilivyofunikwa wavu, na juu ya wavu pamba yenye maji ya sukari ili wafike maabara wakiwa wazima.

Halafu tunawachana.

Unamlaza mbu jike kwenye kipande cha kioo, tone la maji, sindano mbili nyembamba. Moja inambana kifuani. Ya pili inavuta ncha ya tumbo polepole, na ovari mbili, yaani mifuko ya mayai, zinatoka, nyeupe, ndogo kuliko punje ya ufuta. Ukivuta kwa pupa zinapasuka. Unaziacha zikauke, kisha unaziweka chini ya hadubini na kutafuta mirija ya hewa iliyozizunguka, mirija myembamba kiasi kwamba wiki ya kwanza niliapa kuwa haipo. Ikiwa ncha za mirija hiyo zimejikunja kama uzi uliorudishwa kwenye kibonge, mbu huyo hajawahi kutaga. Ikiwa zimenyooka, ameshataga walau mara moja, kwa sababu mayai yakikua ovari hutanuka, mirija hukunjuka, na haijikunji tena. Mbinu hii tuliachiwa na Detinova, mwanasayansi wa Kisovieti, na maelezo yake yalichapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1962. Bado inatumika.

Mtu akiniuliza kwa nini nilipoteza macho yangu juu ya uzi wa tumboni mwa mbu, humweleza habari ya umri. Mbu akifyonza damu yenye vimelea vya malaria leo, hawezi kumwambukiza mtu kesho. Vimelea vinahitaji siku kumi hivi, mara nyingi zaidi, kukomaa ndani yake na kufika kwenye tezi za mate. Mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Kwa hiyo mbu kijana anakera tu. Wa kuogopwa ni mbu mzee. Na ndiyo maana neti yenye dawa ina nguvu kubwa hivyo: hata isipowamaliza mbu wote, inawapunguzia maisha, na wachache sana wanafikia umri wa kuambukiza.

Niliipenda kazi hiyo. Naiandika hapa kwa sababu watu hudhani niliondoka kwa kuichoka.

## Tumbo la mzazi

Katika boma moja tulilokuwa tukitundika mitego kulikuwa na bibi ambaye kila asubuhi alitutolea viti na kutazama tunavyofanya. Miezi ikapita. Siku moja akaniuliza, "Hawa mbu wangu mnawapeleka wapi, na mnawauliza nini?"

Nikaanza kumjibu kwa maneno ya ofisini. Tunachunguza muundo wa umri wa mbu waenezao malaria. Akanitazama tu. Nikaona haya, nikachutama, nikachora mchangani kwa kijiti: mfuko wa mayai, halafu uzi uliojikunja, halafu uzi ulionyooka. Nikamwambia huyu hajazaa, huyu ameshazaa, na uzi wa huyu haurudi ulivyokuwa.

Bibi akacheka kidogo, akajipapasa tumbo juu ya leso. "Kumbe ni kama tumbo la mzazi. Likishatanuka linaweka alama, hata ule ufunge mkanda."

Miaka ile yote nilikuwa nimesoma maelezo ya ovari za mbu kwa Kiingereza, na hakuna hata moja lililokuwa sahihi na jepesi kama hilo. Na jambo ambalo sikuliona siku ile, nimekuja kuliona juzijuzi tu: mfano wa bibi haukupunguza chochote. Kilichokuwa kweli kwenye hadubini kilibaki kweli kwenye tumbo lake. Alikihamisha chote, akakiweka mahali anapopajua.

Usiku ule niliandika kurasa mbili kwa Kiswahili juu ya umri wa mbu. Niliziandika bila kuombwa na mtu. Baadaye zikawa makala yangu ya kwanza kulipwa: shilingi 6,000, zilizofika kwenye simu baada ya miezi minne.

## Kandarasi

Sehemu hii nitaipita haraka, wengi wenu mnaijua. Kandarasi ya mwaka mmoja, kisha ya miezi sita, kisha ya mitatu. Mradi ukiisha nawe umeisha. Nilipoambiwa safari hii hakuna nyongeza, nilikuwa na makala nne zilizochapishwa, akiba ya miezi miwili, na barua ya kuomba nafasi ya shahada ya uzamivu ambayo sikuipeleka.

Kwa nini sikuipeleka? Niliogopa kukataliwa, hilo ni kweli. Lakini pia nilijua kwamba nikipata nafasi ile, miaka minne mingine itapita nikiandika kwa watu 20 duniani wanaochana mbu kama mimi, na bibi wa Busia hatasoma hata mstari. Mradi wetu ulikuwa umetoa makala tatu za utafiti kutokana na mbu wa nyumba zile. Hakuna iliyorudi kule kwa lugha yoyote inayosemwa kule.

Mama yangu aliuliza swali moja tu: "Sasa watu wakiniuliza unafanya nini, niwaambie nini?" Hakuwa na ubaya. Alikuwa amewazoesha watu wa mtaani kwamba bintiye ni mtaalamu, wanamletea hata mende kwenye chupa awape jina. Mwandishi wa kujitegemea ni nani? Anajitegemea kwa nini?

Kulikuwa na mwezi nilioandika maneno ya vibandiko vya dawa ya mifugo. Kulikuwa na mwezi sikuandika chochote. Kulikuwa na mfanyakazi mwenzangu wa zamani aliyenishika mkono kwenye harusi akaniambia kwa huruma ya dhati, "Kwa hiyo sayansi umeiacha." Nikamjibu kwamba sijaiacha, nimebadilisha meza tu. Jibu hilo nilikuwa nikilipenda sana.

Tangu ule ujumbe wa sekunde 41 nimekuwa nikijiuliza kama lilikuwa kweli.

## Wahakiki

Nilipokuwa maabara, sentensi yangu ilipita mikono mingi kabla ya kumfikia msomaji. Msimamizi aliisoma. Mtakwimu aliisoma, na huyu hakuwa na huruma. Wenzangu tulioandika pamoja waliisoma. Jarida likawapa wahakiki wawili au watatu nisiowajua, wakaifukua tena. Mmoja wao aliwahi kuturudishia makala nzima kwa sababu niliandika "mbu walipungua". Aliuliza: mmejuaje? Mlichokiona ni kwamba *mbu walionaswa* walipungua. Labda mbu wako palepale, mtego ndio haukuwavuta.

Nilikasirika siku mbili. Halafu nikakubali kwamba alikuwa sahihi, na kwamba neno lile moja, "walionaswa", ndilo lililotenganisha tulichokijua na tulichokitamani.

Nilipoanza kujitegemea, mikono ile yote iliondoka siku moja. Mhariri wa gazeti au tovuti anasoma lugha, urefu na kichwa cha habari. Ana makala kumi mbele yake na hakusomea biolojia. Si kazi yake kujua asilimia 36 ya nini. Ile makala ya chanjo ilipopokelewa, mhariri alinipongeza kwa sentensi ileile. Alisema imenyooka.

Ilikuwa imenyooka kwa sababu niliinyoosha. Rasimu ya kwanza bado ninayo. Ilisema kwamba kwa kipindi cha miaka minne hivi, watoto waliopata dozi zote nne walikuwa na visa vya malaria vichache kwa asilimia 36 kuliko watoto ambao hawakupewa chanjo hiyo. Nikaisoma kwa sauti, nikaona ndefu, nikaona nzito, nikasema msomaji atachoka. Nikaandika: *chanjo inawakinga watoto 36 kati ya kila 100*.

Fupi. Nzuri masikioni. Na si kweli.

Nimeitazama sentensi hiyo mara nyingi kuliko nilivyotazama ovari yoyote. Hakuna aliyenilazimisha kuiandika. Nilimhurumia msomaji kwa jambo ambalo hakuomba kuhurumiwa, nikampunguzia mzigo kwa kutupa kilichokuwa ndani ya kapu.

## Mara tano, mara tatu

Nilirudi kwenye takwimu zenyewe, kama nilivyopaswa kufanya mara ya kwanza.

Jaribio kubwa la chanjo hii ya malaria, iitwayo RTS,S, lilifanyika kati ya 2009 na 2014 katika nchi saba za Afrika, vituo 11, watoto zaidi ya 15,000. Kwetu Kenya vituo vilikuwa Kilifi, Siaya na Kombewa; Tanzania vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Watoto wakubwa kidogo, wa miezi 5 hadi 17, ambao hawakupewa chanjo ya malaria walipewa ya kichaa cha mbwa, ili nao wasirudi mikono mitupu. Kenya ilianza kuitoa kwa watoto Septemba 2019 upande wa Ziwa Victoria, baada ya Malawi na Ghana, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike kwa upana zaidi.

Asilimia 36 ilitoka kwenye jaribio hilo. Lakini kuna nambari nyingine palepale ambayo niliiruka kwa sababu niliona inachanganya: kwa kila watoto 1,000 wa umri huo waliopata dozi nne, visa 1,774 vya malaria viliepushwa.

Soma tena. Watoto 1,000, visa 1,774.

Inawezekanaje kuepusha visa vingi kuliko watoto? Kwa sababu kule malaria haimpati mtoto mara moja ikaisha. Inarudi. Ukipiga hesabu, mtoto wa wastani asiye na chanjo aliugua karibu mara tano katika ile miaka minne. Mtoto wa wastani mwenye dozi nne aliugua kama mara tatu.

Hivyo ndivyo ilivyo. Hakuna uzio wenye watoto 36 huku na 64 kule. Katika vijiji kama cha yule mama, karibu kila mtoto ataugua, na karibu kila mtoto ana homa anayoweza kupunguziwa. Mtoto wa mama yule hakuwa upande wowote. Swali lake lilikuwa juu ya mstari ambao niliuchora mimi mwenyewe.

Na hata "mara tano, mara tatu" nililala nayo siku tatu kabla ya kuiandika. Ni wastani, kuna mtoto ataugua mara saba na mwingine hataugua kabisa, na malaria ya Kilifi si malaria ya Siaya. Kinga huwa na nguvu zaidi miezi ya mwanzo, kisha inafifia, na dozi ya nne ipo kwa ajili hiyo hasa: inakuja mtoto ameshaanza kutembea, mama ameshaona safari za kliniki zimekwisha, na kinga imeanza kuchuja. Katika majaribio ya kuitoa chanjo kwenye nchi zile tatu, Malawi, Ghana na Kenya, vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa, vya sababu zote isipokuwa majeraha, vilipungua kwa asilimia 13. Chanjo isiyozuia homa zote, na bado watoto wanabaki hai. Niliona ni wajibu wangu kuyaandika yote mawili bila moja kulimeza jingine.

Nikampigia mtakwimu wetu wa zamani, yule asiye na huruma. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, akasema, "Weka neno 'kwa wastani' mara mbili. Mara moja hawataliona."

Nimeliweka mara mbili.

## Maji yaliyomwagika

Mhariri alikubali kurekebisha siku ileile, na juu ya makala tukaweka maelezo ya kosa. Namshukuru. Lakini makala ile ilikuwa imeshapigwa picha na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya akina mama, ya kanisa, ya chama, na picha haibadiliki ukibadilisha makala. Maji yakimwagika hayazoleki. Muuguzi ameniambia mama mwingine amemwonyesha picha ileile, yenye mstari mwekundu chini ya "36 kati ya kila 100".

Kwa hiyo nimebadilisha ninavyofanya kazi, na mabadiliko yenyewe yanagharimu. Kila nambari sasa inasomwa na mtu mmoja anayeielewa kunizidi, na kila makala inasomwa na mtu mmoja asiyehusika kabisa na sayansi, mara nyingi jirani yangu anayeuza samaki. Simwulizi "umeelewa?" kwa sababu mtu mwenye heshima zake atakwambia ameelewa. Namwuliza "umeelewa nini?" Makala iliyokuwa ikinichukua siku nne sasa inachukua tisa, na malipo ni yaleyale. Sijui kama nitaweza kwenda hivi mwaka mzima. Mwezi huu nimekataa kazi mbili na kodi ya nyumba haijakataa kufika.

Kuna vijana wanaoniandikia kuuliza wafanyeje watoke maabara waingie kwenye uandishi wa sayansi. Zamani nilikuwa na jibu moja lenye matumaini mengi: unayajua ya maabara, lugha unayo, anza. Sasa barua nne ziko hapa bila kujibiwa. Si kwamba nataka kuwazuia. Nataka nianze kwa kuwauliza nani atawasoma kabla ya msomaji, na kama hawana mtu huyo, wamtafute kabla ya kutafuta mhariri. Lakini wengine wanaandika wakiwa na kandarasi inayoisha Ijumaa, na najua hali hiyo, na ushauri wangu unaanza kuonekana kama anasa.

Jioni ile ya kwanza, kabla ya kuandika neno lolote, nilimtumia muuguzi ujumbe wa sauti. Nilijaribu mara sita kuurekodi. Mwishowe nilisema: "Mwambie mama nimekosea mimi, yeye hakukosea. Hakuna watoto wa upande huu na wa upande ule. Mtoto ambaye angeugua malaria mara tano kabla ya kuanza shule, kwa wastani akimaliza dozi zake ataugua kama mara tatu. Wa kwake hatujui atakuwa mara ngapi, lakini dozi hii ya nne inamsaidia apunguze. Na pole sana kwa kumchanganya."

Jibu lilikuja siku ya pili yake mchana. Nilisikia watoto wanalia nyuma ya sauti ya muuguzi, mizani inagongwa, mtu anaitwa jina.

"Dada, amedungwa. Nimemwambia vile ulivyosema. Sasa anauliza: hizo mara tatu zinazobaki, ina maana neti asiitoe?"

Asiitoe, nikamwambia. Kisha nikafungua makala na kuongeza mstari ambao sikuwa nimeufikiria.